Paa Ambalo Mama Atalitazama kwa Juu

Leo nimefuta mistari minne kwenye mchoro wa chumba kipya na kazi ya miezi mitatu imeanguka. Mistari hiyo ilikuwa boriti nne nilizozichomeka kwenye ukuta wa nyumba ya zamani ili nisijenge nguzo upande ule. Nilijiona nimebana matumizi. Kumbe nilikuwa nautwika ukuta huo mkongwe mzigo bila kuuuliza.

Nyumba ni ya wazazi, ya ghorofa moja, kuta nene za mawe na chokaa. Tunahitaji chumba kikubwa chini, mita 5 kwa 8, na nafasi iliyobaki ni ua wa nyuma tu. Siku hizi Mama hushinda juu, kwenye dirisha linalotazama ua huo. Nilipomweleza hakukataa. Alisema tu, "Sasa mwanangu, nitakuwa natazama bati?"

Swali hilo ndilo lililozaa paa la mimea. Faida nyingine nilizijua: udongo na majani huukinga utando wa kuzuia maji usichomwe na jua, chumba cha chini hakipati joto kali, na maji ya mvua hutoka polepole badala ya kumwagika kwa mkupuo. Lakini hata zisingekuwepo, ningelichora. Ardhi ninayomnyang'anya chini nataka nimrudishie juu.

Tabaka zake nimeshazikariri kama jina langu. Juu ya zege yenye mteremko wa asilimia 2 unakaa utando wa kuzuia maji, kisha kizuizi cha mizizi, kisha tabaka la kupitisha maji, kisha kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe njia, na mwisho udongo wenyewe. Huu si udongo wa shambani. Sehemu kubwa ni vipande vyepesi vyenye vinyweleo, kama mawe ya volkano au matofali yaliyopondwa, kwa sababu udongo wa kawaida ni mzito na hushindiliana. Pembeni, na kuzunguka kila tundu la maji, huwekwa kokoto tupu.

Kosa langu lilikuwa kwenye uzito. Mhandisi aliangalia hesabu yangu akauliza jambo moja: "Udongo huu umeupima mkavu au umelowa?" Mkavu. Sentimita 10 za udongo ulioshiba maji, pamoja na mimea na tabaka zake, tumezihesabu kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 40: kilo 4,800, na hapo zege haijaguswa. Karibu nusu ya mzigo huo ningeiegemeza kwenye ukuta ambao msingi wake ulijengwa kwa ajili ya nyumba yake tu.

Halafu kuna jambo la kutitia. Jengo jipya hushuka kidogo miaka ya mwanzo, wakati lile la zamani lilishatulia kitambo. Ukiyafunga pamoja, moja linavuta na jingine linakataa, na ufa unatokea palepale kwenye maungio. Nimewahi kuona nyumba zenye ufa wa namna hiyo, zikipakwa rangi kila mwaka na kila mwaka ufa ukirudi.

Basi nimechora upya. Chumba kipya kinasimama kwa nguzo zake na msingi wake, mita moja kutoka ukuta wa zamani. Mwanya huo utafunikwa kioo, na maungio yake yataachiwa nafasi ya kucheza kidogo. Mlango utapita palipo dirisha la chini: tutakata ukuta chini ya dirisha tu, upana uleule, ili linta ya zamani, boriti fupi inayobeba ukuta juu ya dirisha, isiguswe. Nilipomaliza niliona mwanya umenipa kitu nisichokitafuta. Mwanga utashuka kwenye ukuta wa mawe mchana kutwa, na ukuta wenyewe utaendelea kupumua.

Ndugu yangu anataka chumba kipya kifanane na nyumba, mawe kwa mawe. Namwelewa, ni mapenzi. Lakini Mkataba wa Venice wa 1964, ulioandikwa kwa ajili ya majengo ya kihistoria, unataka kazi mpya ijitofautishe na ya kale na ibebe alama ya wakati wake, na mimi nauamini hata kwa nyumba yetu isiyo na jina. Kuiga mawe yale ni kumdanganya atakayekuja baadaye.

Kuvuja bado kunaninyima usingizi. Msanifu majengo Le Corbusier aliihesabu bustani ya paa miongoni mwa kanuni zake 5 za usanifu, na bado Villa Savoye, nyumba aliyoichora yeye huko Ufaransa, iliyokamilika 1931, ilivuja mpaka mwenye nyumba akamwandikia barua za malalamiko. Kwangu, kabla ya tabaka lolote kupanda, utando utafurikishwa maji kwa saa 48 na mimi nitakaa chini nikitazama dari.

Jioni nilimpelekea Mama mchoro. Nilimweleza kuhusu sedumu, mimea ya majani manene yanayohifadhi maji, inayovumilia udongo mchache na jua kali. Akasikiliza, kisha akaomba nyasi ndefu, zile zinazolala upepo ukipita. Zinahitaji udongo wa kina zaidi. Nimempigia mhandisi: juu ya boriti ya kati tunaweza kufika sentimita 20, mradi boriti ihesabiwe upya kesho. Nimeshaweka alama ya penseli hapo.