Kigari changu na pazia la sebuleni

Jana nimelala saa nane usiku kwa ajili ya kigari cha roboti cha magurudumu mawili. Kila nikiwasha mota, Arduino, yaani kisaketi kinachokiongoza kama ubongo, inazima na kuanza upya. Nimekagua programu mstari kwa mstari, nimebadilisha nyaya, nikalaumu hata umeme wa mtaani, wakati kigari chenyewe kinatumia betri! Kumbe mota zikianza kuzunguka zinavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinashuka, ubongo unazimia. Na ile saketi ya L298N inayoendesha mota nayo inakula kama volti 2 njiani. Nikaipa Arduino betri yake peke yake, nikaunganisha ncha hasi za betri zote mbili (hapo nilisahau mara mbili), kikaondoka.

Leo asubuhi kinakwepa ukuta, kinakwepa miguu ya meza, halafu kinajitosa kwenye pazia kama mlevi. Sensa yake inapiga sauti ya kilohezi 40 (nyembamba mno, sikio letu haliisikii) na kusubiri mwangwi, kitambaa kinaimeza. Mama kanikuta nimelala sakafuni nakinasua: "Hicho kidude ndicho kitakachotuoshea vyombo?"

Nimekifungia swichi mbili za kugusa kwa mbele, kama ndevu za paka. Pazia bado linaongoza.