Vielezi vya Kiingereza, -ly sio kila kitu

Vijana wa mtaani wakianza kuomba kazi huwa wananiletea barua zao niwapitishie macho, na kuna sentensi haikosi kujitokeza: "I work hardly". Yani mtu anataka kusema anajituma kweli kweli, sa bosi akisoma anamuona jamaa ambaye kazi haigusi, maana "hardly" iko karibu na hapana kabisa. Kujituma ni "I work hard", basi, -ly haina nafasi hapo.

Mi lawama naipeleka kwa ile kanuni ya shule ya kwamba chukua kivumishi, bandika -ly, tayari una kielezi. Kwa quick na careful sawa, lakini fast, hard na late zinabaki hivohivo, hakuna "fastly", na "lately" sio kuchelewa, ni siku hizi. Alafu kuna friendly na lonely, zina -ly kwa jina tu, ni vivumishi hizo. Good ndo mkaidi kuliko wote, anageuka "well".

Ila hayo unakariri yanaisha. Kinachotutesa sie ni mahali pa kukiweka kielezi, maana kwetu naongea vizuri Kiingereza au naongea Kiingereza vizuri zote poa tu, hakuna atakayekushangaa. Kiingereza hakipendi kitu kijipenyeze kati ya kitenzi na yambwa yake, yani kile kinachotendwa, kwaiyo "I speak well English" inakataa, sema "I speak English well". Kina always, often na never wao wanatangulia kitenzi, "she always comes", ila wakikuta am, is au are wanakaa baada yake, "she is always late".

Na hii "sana" yetu jamani! Chai ya moto sana ni "very hot", hapo safi, lakini nakupenda sana ukiandika "I love you very" sentensi imekatika njiani, very haiwezi kitenzi peke yake, mpaka ishikwe mkono na much: "I love you very much".

Ukiwa na haraka na kielezi chenyewe kinasema jambo limefanyikaje, wapi au lini, kitupe mwisho wa sentensi, "he drove slowly", "I saw him yesterday", mara nyingi utakuwa salama. Always usiitupe huko.