Ndoo ya Pembeni

Dada wa kitengo cha mawasiliano kanitumia picha jana saa mbili usiku, na ujumbe chini yake: "Dokta, naomba maelezo ya hii picha, yasizidi maneno 15. Ni ule ukurasa wa mafanikio. Kesho asubuhi kijarida kinaenda kwa mchapaji."

Ni mimi. Mimi wa 2020, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, barakoa ya kitambaa imeteleza chini ya pua (na nilikuwa nimetoka kuwafundisha watu namna ya kuvaa barakoa), viganja vimejaa povu nimevinyanyua juu kama daktari anayeingia chumba cha upasuaji. Nyuma yangu dumu la lita 5 linaning'inia kwenye fito. Watu wamesimama nusu duara. Kushoto kabisa, pale picha ilipokatwa, kuna nusu ya ndoo ya njano na vidole vinne vimeshika ukingo wake.

Nimeandika maelezo mara tano, nimefuta mara tano. Nyumba nzima imelala. Nipo sebuleni na vile vidole vinne.

Mliokuwepo chuoni Machi ile hamna haja ya kusimuliwa. Jumatatu tarehe 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyekuwa ametoka Ubelgiji. Jumanne zikafungwa shule, Jumatano ikawa zamu yetu vyuo. Kabla wiki haijaisha mabweni yalikuwa matupu na stendi ya Iringa imejaa magodoro. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu, begi mgongoni, alinisimamisha getini kuuliza kama ile asaimenti bado ipo. Nikamwambia ipo. Hadi leo sijui nilikuwa nafikiria nini.

Tuliobaki idarani hatukuwa na wa kumfundisha. Habari ya kufundisha kwa mtandao ilijadiliwa kwenye kikao kimoja kirefu, lakini wengi wa wanafunzi wetu walikuwa wamerudi mahali ambapo hata ukiwa na bando inabidi upande kichuguu utafute mtandao. Ikafa palepale. Fundi sanifu wetu wa maabara, mtu asiyependa vikao, ndiye aliyetukumbusha kwamba stoo kuna ethanoli ya mazoezi ya muhula mzima na hakuna wa kuitumia.

Basi tukageuka kiwanda. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani haihitaji shahada. Ukitaka lita 10 unachukua mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, halafu unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ufike kwenye alama. Unafunga na kuacha saa 72 ili vimelea sugu vilivyojificha ndani ya chupa au kwenye spiriti yenyewe viishe. Kutengeneza haikuwa shida, shida ilikuwa hizo saa 72. Kila siku alikuja mkubwa mmoja, akachungulia mlangoni, akauliza, "Bado haijaiva?" Na kusema kweli, kwa harufu iliyokuwa kwenye lile jengo, mtu angeweza kudhani tumefungua kilabu.

Tukagawa kwenye zahanati, kwenye ofisi za kata, kwa mabodaboda wa getini. Wenzetu wengine walishona barakoa, wengine wakawa wanakwenda redioni kujibu maswali ya wasikilizaji, ambayo mengi yalihusu nyungu. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo mapema ili baadaye msidhani nimekuja hapa kukichafua chuo changu.

Ethanoli ilipoisha, na bei yake mtaani ikawa haishikiki, tukahamia kwenye sabuni. Hapo mimi ndiye niliyesimama kikaoni kutetea. Korona (jina la UVIKO lilikuwa halijatuzoea) ina ganda la mafuta kwa nje, na kipande cha sabuni ya mche kinalivunja ganda hilo kama kinavyovunja mafuta kwenye sufuria. Tunachohitaji ni vibuyu chirizi, nikasema, madumu matupu, misumari, kamba na sabuni, twende vijijini. Wakapiga makofi. Sikumbuki kama kuna aliyeuliza swali lolote. Mimi sikujiuliza.

Ndivyo tulivyojikuta Aprili, asubuhi moja yenye upepo, kwenye kijiji kimoja upande wa Isimani.

Mtendaji alikuwa amewakusanya watu chini ya mti karibu na ofisi, amewapanga kwa umbali, kila mmoja na jiwe lake la kusimamia. "Kamwene!" "Kamwene!" Kuna waliotoa mkono, wakakumbuka, wakaurudisha huku wanacheka. Tukachimbia nguzo mbili za panda, tukaweka fito juu, tukaning'iniza dumu tulilolitoboa kwa msumari wa moto, kamba ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, na sabuni ikafungwa pembeni. Nikaeleza namna linavyofanya kazi: unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, hujashika koki wala kitu chochote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akaja kukanyaga kile kijiti mara mbili tatu, akasema aliyebuni kitu hiki ana akili.

Nikamwambia dereva alete maji.

Dereva akaniangalia. Tulikuwa na madumu 30, yote matupu. Tulikuwa na katoni mbili za sabuni, mabango, karatasi za mahudhurio, na mpiga picha. Chupa zetu za maji ya kunywa tulikuwa tumezimaliza njiani. Nikamgeukia mtendaji, naye akasogea karibu kuliko umbali aliokuwa anawahimiza wenzake, akaninong'oneza kwamba pampu ya kijiji ni mbovu tangu Februari, watu wanateka bondeni.

Wakati huohuo akatokea mama mmoja kwenye njia ya nyuma ya ofisi. Ndoo kichwani, majani juu ya maji yasichupe. Hakuwa amekuja kwenye mkutano. Alikuwa anapita kwenda kwake.

"Mama," mtendaji akamwita, "hebu leta hayo maji kidogo. Wageni wanataka kutuonyesha kunawa."

Mtu mwenye ndoo kichwani hageuzi shingo, anageuka mwili mzima. Aligeuka polepole, akatutazama, gari, nguzo, dumu, mimi. Nilimwamkia. "Marahaba, mwalimu," akajibu, na kwa kitambo akabaki amesimama palepale, kama mtu anayepiga hesabu.

"Kidogo tu," mtendaji akarudia.

Kijana mmoja akamsaidia kutua. Kisha akafanya kitu ambacho ndicho hasa kinachonikesha usiku huu. Akayatoa yale majani, moja moja. Kila jani alilishika kwenye kikonyo, akalikung'uta juu ya ndoo mpaka tone la mwisho likadondoka ndani, ndipo akaliweka chini kwenye kanga aliyoitandika. Majani manne. Hakuna aliyesema neno, na mimi nikawa natazama saa.

Tukachota kwa kikombe, tukajaza dumu. Nikaanza. Kiganja kwa kiganja. Kiganja juu ya mgongo wa mkono. Katikati ya vidole. Kidole gumba. Ncha za kucha. Sekunde 40 hadi 60, nilisema, na nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, huku mguu ukikanyaga kijiti na maji yakishuka kwenye vumbi. Kisha nikawaita mmoja mmoja. Kila mmoja nilimhesabia. Dumu likaisha, tukajaza. Likaisha, tukajaza. Mama alikuwa amechuchumaa kando, ameshika ukingo wa ndoo, na kila kikombe kilipoingia alikuwa anaiinamisha kidogo kutusaidia. Kufikia mtu wa kumi na tano hivi kikombe kikaanza kukwaruza chini. Ule mkwaruzo niliusikia. Naandika wazi ili nisije nikajidanganya: niliusikia.

Ndipo mpiga picha akasema, "Mwalimu, ile ya kwanza jua lilikuwa usoni. Hebu rudia."

Nikarudia.

Kwa hiyo picha niliyotumiwa jana si ya mtu anayefundisha kunawa. Kufundisha kulikuwa kumekwisha. Ni mtu ambaye mikono yake tayari ni safi, ananawa mara ya pili, kwa sababu ya jua.

Nilipofika kwenye vidole gumba mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, ungenawa haraka kidogo."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka. Nataka kusema na yeye alicheka, na nimewahi kulisimulia tukio hili mezani nikisema alicheka. Lakini hakuwa amevaa barakoa, uso wake ulikuwa wazi mbele yangu, na nikiutafuta leo siuoni.

Tukamshukuru. Mtendaji akamwambia Mungu atamlipa. Alikusanya yale majani manne akayatia kwenye ndoo, akajifunga kanga, akaigeuza njia kurudi bondeni. Nilimuuliza mtendaji ni umbali gani. "Si mbali," akasema. Mnaoishi vijijini mnajua "si mbali" ni kipimo gani.

Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Kuna aliyeuliza kama ina posho, akaambiwa haina, akasaini hivyohivyo. Majina 43. Kwenye ripoti yakaandikwa "wananchi 43 walifikiwa", na namba hiyo ndiyo iliyosafiri hadi kwenye rasimu ya kijarida, ikajumlishwa na namba za vijiji vingine ikawa kubwa na nzuri. Yeye hayumo. Karatasi ilipozunguka alikuwa anateka maji.

Yaliyofuata mnayajua. Vyuo vikafunguliwa Juni mosi, tukakimbiza ratiba hadi Jumamosi, wanafunzi wakalalamika, sisi tukalalamika, yule wa asaimenti akaileta kweli, kurasa sita. Julai, baridi imekolea, tukarudi kijijini kufanya tathmini. Nguzo mbili zilikuwepo, fito ilikuwepo, dumu halikuwepo. Mtendaji akasema ni watoto. Tukiwa tunaondoka nikaliona barazani kwa mtu, lina stika ya chuo, tundu letu la msumari limezibwa kwa gunzi, limejaa maji hadi shingoni. Mwanafunzi aliyekaa pembeni yangu garini aliliona pia. Akanitazama, nikatazama barabara.

Kwenye ripoti ya tathmini, safu ya changamoto, mtu aliandika "mwitikio mdogo wa jamii katika kutunza miundombinu". Simlaumu aliyeandika. Saini iliyo chini ni yangu. Na pampu haikutajwa, kwa kuwa mradi ulikuwa wa mikono, na fomu haikuwa na safu ya pampu.

Najua kuna atakayesema najitesa bure. Huenda mmoja wa wale 43 alinawa wiki ile akamkinga mtu nyumbani kwake. Inawezekana kabisa, sabuni haidanganyi. Lakini mimi ni mkemia, na kwa jambo hili sina sampuli ya kulinganisha. Nina ndoo moja ya lita 20 ambayo naijua ilikokwenda, tone kwa tone, na mambo mengine mengi ambayo nayakisia.

Saa nne usiku nikamwandikia dada wa mawasiliano: hiyo picha nzima ipo, ambayo haijakatwa?

Akajibu baada ya muda. "Ipo Dokta, ila huyo mama anaangalia pembeni, na hana barakoa. Ukurasa ni wa mafanikio. Ila ukitaka tunaweza kumweka. Anaitwa nani?"

Nilikwenda kabatini nikaitafuta nakala ya mahudhurio, ingawa nilikuwa najua. Nikayasoma majina yote 43 kama anayetarajia jina lichipue.

Sasa ni saa saba na dakika kumi. Nimejaribu tena: "Mhadhiri akinawa mikono kwa maji ya mama ambaye". Hapo tayari ni maneno manane, na bado sijafika bondeni.