Mwaka Ufaransa, mwaka Ujerumani: nilivyofikia uamuzi

Barua ya kukubaliwa ilisema kwamba mwaka wa kwanza wa uzamili ningesoma katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Ufaransa, mwaka wa pili katika chuo cha Ujerumani, na mwishoni ningetunukiwa shahada ya pamoja ya upangaji wa usafiri mijini. Karo ya mwaka wa kwanza nilikuwa nimesamehewa, na juu yake posho ya kila mwezi. Kuhusu fedha za mwaka wa pili barua haikusema neno. Nilipewa wiki chache za kujibu, na karibu kila niliyemweleza, nyumbani Kahawa West, Nairobi, na ofisini mjini, alikuwa na jibu tayari: nchi mbili kwa nauli moja, unangoja nini?

Nilingoja kwa sababu kazi yangu ni kuchora na kuchunguza njia za matatu, na najua safari ya abiria huharibikia pale anapobadilisha gari. Kati ya Ufaransa na Ujerumani kuna kubadilisha gari pia: kibali cha kukaa, nyumba, bima, alama, fedha. Matangazo ya programu za aina hii hueleza uzuri wa nchi ya kwanza, kisha uzuri wa nchi ya pili. Mimi nilitaka kusoma kilichoandikwa kuhusu hapo katikati.

Rafiki yangu aliyepitia Erasmus Mundus alinitia moyo sana, lakini hali yake na yangu zilikuwa mbali. Mpango huo, ulioanza mwaka 2004, hugharimiwa na Umoja wa Ulaya, na anayepata ufadhili wake siku hizi hulipwa euro 1,400 kwa mwezi hadi programu iishe, awe nchi ya kwanza au ya tatu. Programu yangu ilikuwa mkataba wa vyuo viwili tu, kila kimoja na mfuko wake na kanuni zake. Nikamwandikia mratibu wa programu nikiomba mkataba wenyewe, pamoja na viambatisho vyake. Aliutuma siku iliyofuata. Kifaransa nilikisoma hadi KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nikakiongezea Alliance Française hapa mjini hadi kiwango cha B2, kwa hiyo niliusoma mwenyewe kalamu mkononi.

Kwanza niliangalia cheti. Kuna programu zinazokupa vyeti viwili, kila chuo chake, na kuna zinazokupa kimoja chenye sahihi za vyuo vyote. Yangu ilikuwa ya cheti kimoja. Maana yake ni kwamba usipomaliza upande wa pili, upande wa kwanza peke yake haukupi shahada hiyo. Kilichonituliza kidogo ni kujua kwamba Ufaransa, mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza wa uzamili na krediti zake 60 (vipimo vya uzito wa masomo) anaweza kuomba maîtrise, shahada ya kati ambayo zamani ilikuwa na jina kubwa na bado hutolewa kwa anayeiomba. Haina uzito wa uzamili kamili, lakini ni cheti.

Halafu nikatandaza orodha mbili za masomo juu ya meza, kalamu ya kijani kwa somo ninalolihitaji, nyekundu kwa linalojirudia. Takwimu zilionekana pande zote mbili. Ramani za kompyuta vilevile, chini ya majina tofauti. Kama nyekundu ingetawala, ningekataa usiku uleule, kwa kuwa sikuona faida ya kuhama nchi ili kufundishwa jambo moja mara mbili.

Lakini kijani kilinipa kitu ambacho nchi moja isingenipa. Nairobi ina maswali mawili makubwa ya usafiri: nani alipe, na nani aunganishe. Tangu 2010 wenye matatu walitakiwa kujiunga na sacco, yaani vyama vya ushirika, hatua iliyoleta mpangilio kiasi, lakini kila sacco ina njia yake, stage yake na bei yake, na mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni nauli ya kwenda Githurai hupanda ukiwa bado kwenye foleni. Anayetoka Kahawa kwenda Upper Hill hulipa mara mbili, kisha hutembea katikati ya jiji kutoka stage moja hadi nyingine. Mamlaka ya usafiri ya jiji na kaunti jirani, NaMATA, iliundwa 2017, na swali la fedha bado liko mezani.

Wafaransa wamelijibu swali la kwanza kwa namna yao. Waajiri wenye wafanyakazi 11 au zaidi katika maeneo ya miji hutozwa kodi maalumu ya kugharimia usafiri wa umma. Ilianza eneo la Paris mwaka 1971 na miaka miwili baadaye ikafunguliwa miji mingine. Mantiki yake ni kwamba mwajiri ananufaika pale mfanyakazi anapofika kazini, basi achangie. Upande wa Ujerumani nguvu yao ni kuunganisha: mwaka 1965 Hamburg ilianzisha muungano wa kampuni za usafiri uitwao HVV, ili abiria awe na tiketi moja na bei moja ingawa mabasi, treni na feri vina wenyewe tofauti. Ukiwaza matatu na sacco zake, hilo ni somo la kwetu kabisa. Mwaka wa kwanza ulikuwa na somo zima la fedha na sheria za usafiri. Wa pili ulikuwa na la kuratibu mitandao na kuiga safari kwa kompyuta. Hapo ndipo nilipoona kwamba nchi mbili zina sababu, na kuanzia usiku huo nilikuwa natafuta namna ya kwenda.

Alama ndizo zilizonishtua zaidi, na sijaona mtu akizieleza kwa Kiswahili, basi nitazieleza. Ufaransa husahihisha kwa 20, na 10 ndiyo ya kupita. Kupata 14 ni jambo la kujivunia; huitwa “vizuri”, na 16 tayari ni “vizuri sana”. Ujerumani ngazi imepinduliwa: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ni kupita kwa shida. Kuna kanuni ya hesabu ambayo vyuo vingi vya Ujerumani hutumia kubadili alama za nje: alama ya juu kabisa utoe yako, gawanya kwa alama ya juu utoe ya kupita, zidisha kwa 3, ongeza 1. Chukua 14 ya Ufaransa: 20 toa 14 ni 6, 20 toa 10 ni 10, 6 gawanya kwa 10 ni 0.6, mara 3 ni 1.8, ongeza 1, unapata 2.8. Kwa Mjerumani 2.8 ni ya “kuridhisha”, ngazi moja chini ya “vizuri”. Jasho lako la mwaka mzima limeshushwa daraja kwa sababu tu Mfaransa ana mkono mzito wa kutoa 20. Nikamuuliza mratibu wanatumia nini. Akanionyesha kiambatisho chenye jedwali lao wenyewe, lililokubaliwa na vyuo vyote viwili, ambamo 14 inasomeka kama alama nzuri pande zote. Programu isiyo na jedwali la namna hiyo ningeiogopa.

Kibali cha kukaa kina njia mbili. Kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2016 inayomruhusu mwanafunzi mwenye kibali cha nchi mwanachama, akiwa kwenye programu ya vyuo vyenye makubaliano, kwenda nchi nyingine mwanachama hadi siku 360 bila visa mpya. Chuo kinachompokea ndicho kinachopeleka taarifa serikalini. Inavutia, ila kibali cha nchi ya kwanza lazima kiwe hai muda wote huo, na visa ya kwanza ya mwanafunzi Ufaransa kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ama unaongeza muda Ufaransa kabla ya kuondoka, ama unaomba kibali cha Kijerumani chenyewe. Mratibu aliniunganisha na mwanafunzi wa Kameruni aliyekuwa ametangulia, tukaongea kwa simu muda mrefu. Yeye alichagua njia ya pili. “Dada, usingoje mitihani iishe,” aliniambia. “Anza kuuliza Februari. Mwezi wa sita ofisi zote zimejaa.”

Ni yeye pia aliyenifumbua macho kuhusu miezi isiyo na mwenyewe. Mwaka wa Ufaransa huanza Septemba na kumalizika Mei au Juni, na posho hukatika hapo. Mihadhara ya Ujerumani huanza katikati ya Oktoba. Kati yake kuna kodi ya nyumba, chakula na bima, na hakuna chuo kinachokuhesabu. Yeye aliziba pengo hilo kwa mafunzo kazini, kwa maana Ufaransa mafunzo yanayozidi miezi miwili lazima yalipwe. Si mshahara wa kujengea, lakini unalala na kula.

Likabaki suala la fedha, na hapo nilikaa na watu wa nyumbani. Ili upewe kibali cha mwanafunzi Ujerumani unatakiwa uonyeshe euro 992 kwa kila mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, mara nyingi zikiwa kwenye akaunti ya pekee inayokuruhusu kuchota kiasi kilekile tu kila mwezi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 1.7. Wakati huo nalipa karo ya mdogo wangu chuo cha ufundi, na mkopo wangu wa chuo wa HELB bado unakatwa kwenye mshahara. Mjomba, kwa moyo wake mkubwa, alisema yuko tayari kuuza ploti yake ya Ruai.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Ndugu yangu, asante, Mungu akuzidishie. Lakini ploti haiuzwi kwa ajili ya mwaka ambao wenye chuo wenyewe hawajaulipia. Kwanza huyu awaulize.”

Niliwauliza. Chuo cha Ujerumani kilijibu kwamba kina ufadhili mdogo unaoshindaniwa baada ya matokeo ya muhula wa kwanza, bila ahadi, na kwamba idara huajiri wanafunzi wasaidizi. Sheria yao inamruhusu mwanafunzi wa nje kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Hayo yalisaidia, lakini huwezi kuyaweka kwenye akaunti kabla ya kufika. Nikauliza swali lingine, ambalo leo naona ndilo lililoamua kila kitu: naweza kuahirisha mwaka wa pili kwa mwaka mmoja, nikarudi kazini, bila kupoteza nafasi? Mratibu alishauriana na wenzake wa upande wa pili, kisha akaniandikia: ndiyo, mara moja, kwa ombi litakalofika kabla ya mwisho wa Mei.

Jibu hilo lilibadilisha hesabu yote. Sikuhitaji tena kuwa na milioni 1.7 kabla ya kupanda ndege. Nilihitaji kujua kwamba zisipopatikana sitaachwa njia panda.

Utambuzi wa cheti hapa nyumbani ulichukua asubuhi moja tu. Nilienda kwenye Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, barabara ya Red Hill, Gigiri, maana wao ndio wanaotambua shahada za nje. Niliambiwa cha muhimu ni kila chuo kiwe kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake, na nitunze cheti na nakala za alama za miaka yote miwili. Hilo la nakala nawaomba msilipuuze: cheti cha pamoja ni karatasi moja, lakini alama zako ziko katika masjala mbili.

Bosi wangu alinipa likizo bila malipo ya mwaka mmoja, inayoweza kuongezwa. Alitaka kitu kimoja, kwamba tasnifu yangu iwe juu ya Nairobi, nami nilikuwa nataka hivyohivyo. Tasnifu ina krediti 30 na wasimamizi wawili, mmoja kila chuo. Nimependekeza kuchunguza jinsi sacco za Thika Road zingeweza kugawana mapato ya tiketi moja.

Nilituma barua ya kukubali siku mbili kabla ya muda kuisha. Na mama tumekubaliana kwamba karo ya mdogo wangu itatoka kwenye akiba yangu ya chama hadi amalize, na HELB nitaendelea kuilipa mwenyewe kila mwezi. Kwenye kalenda nimeandika: Februari, kuulizia kibali cha Ujerumani, Machi, kuomba ufadhili na kazi ya idara, Aprili, kuhesabu. Fedha za Ujerumani zikiwa hazijatimia ifikapo Aprili, nitaomba kuahirisha, nitarudi kazini Nairobi, na mwaka wa pili nitaumalizia baadaye. Mama anajua hivyo, bosi anajua hivyo, na ruhusa ya mratibu ninayo kwa maandishi.