Dondoo la mmea na kimeng'enya cha kumbukumbu

Hapa Pemba mzee akianza kusahau majina ya wanawe, jamaa humtafutia dawa ya miti kabla ya kumpeleka hospitali. Rai hiyo si ya kubezwa, kwani baadhi ya dawa anazoandikiwa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, zina asili ya mimea. Galantamini ilipatikana miaka ya 1950 katika Galanthus, mmea mdogo wa nchi za baridi, ikaidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2001. Rivastigmini nayo iliundwa kwa kufuata umbile la fisostigmini, sumu ya haragwe la Calabar, Nigeria, ambalo zamani watuhumiwa wa uchawi walilishwa kama kiapo.

Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na ujumbe ukishafika, kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja mara moja ili njia iwe wazi. Katika Alzheimer seli zinazoitengeneza hufa, hivyo kimeng'enya kikizuiwa, kama zinavyofanya dawa hizo mbili, asetilikolini chache iliyobaki hudumu zaidi. Mgonjwa hupata nafuu ya muda, lakini seli huendelea kufa.

Maabara nyingi hutumia kipimo alichokibuni George Ellman na wenzake mwaka 1961: kimeng'enya kinapofanya kazi, mchanganyiko hugeuka manjano, na dondoo la mmea, yaani kilichokamuliwa au kuchujwa kutoka humo, likiichelewesha rangi hiyo, husemwa kuwa limekizuia. Hapa ndipo pa kuwa na hadhari kubwa. Dondoo la majani aghalabu lina rangi yake, na lisipopimwa peke yake kwanza, hesabu huharibika. Tanini nazo, kemikali za mimea zenye ukakasi ambazo zimejaa tele katika karafuu zetu, hung'ang'ania karibu protini yoyote, kwa hiyo matokeo mazuri ndani ya kijaribio huenda yasiwe na maana yoyote kwa ubongo, ambao una kizuizi chake kinachochuja kinachoingia kutoka kwenye damu. Ndiyo maana dondoo zima halitoshi. Lazima kiini kinachofanya kazi kitengwe, kijulikane, kisha kipimwe sumu yake.

Na sumu ipo. Dawa za kuulia wadudu za jamii ya oganofosfeti, zinazopuliziwa mazao, hukizuia kimeng'enya hichohicho; aliyezivuta kwa wingi hutokwa na mate na jasho, akabanwa na kifua. Kipimo cha dawa ndicho kinachotenganisha tiba na madhara.

Shangazi yangu wa Wete anatumia donepezili, dawa nyingine ya Alzheimer inayokizuia kimeng'enya hicho, na jirani kwa mapenzi yake humletea birika la maji ya mizizi yaliyochemshwa, ambayo hakuna aliyewahi kuyapima. Nimeomba birika hilo lisitishwe kwanza, na mizizi yenyewe ionyeshwe kwa daktari wake, kwa sababu vizuia kimeng'enya viwili vikikutana mwilini vinaweza kupunguza mapigo ya moyo hadi mzee akazimia.