Vikaratasi Viwili

Nilimchapa mwanangu fimbo tatu mbele ya wageni, na kosa lake hata silikumbuki vizuri. Nadhani alidakia mazungumzo ya wakubwa. Ninachokumbuka ni mzee mmoja kati ya wale wageni: alikohoa, akanitazama. Kikohozi kile nilikielewa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapo mimi ndiye niliyekuwa nikipimwa. Nikanyanyuka kuifuata fimbo. Mtoto alikuwa na miaka sita.

Wiki chache baadaye tukaitwa kwenye kikao cha wazazi. Mwezeshaji, dada mmoja mpole, akauliza nani anaamini kwamba mtoto halelewi bila fimbo. Mikono ikapanda. Wangu ulikuwa juu kabla sijafikiri. Yule mzee alikaa mbele yangu, mkono wake umenyooka kama wa askari.

Dada hakubishana nasi. Akagawa vikaratasi viwili kwa kila mtu, visivyo na majina. Kwenye cha kwanza uandike kama wewe mwenyewe ungependa kuacha fimbo nyumbani kwako. Kwenye cha pili, unadhani ni wangapi humu ndani wangependa. Nilivifunika kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Cha kwanza nikaandika "ndiyo", kwa herufi ndogo kabisa. Cha pili: "wawili au watatu".

Akavihesabu mezani tukitazama, kimoja kimoja, "ndiyo" kushoto na "hapana" kulia. Rundo la kushoto likaanza kuinama, akalinyoosha kwa kidole, akaendelea. Tulikuwa thelathini na kitu. Walioandika "hapana" hawakufika kumi. Vile vya pili alivisoma kwa sauti: wawili, mmoja, hakuna, watatu, hakuna. Pakawa kimya, kile kimya cha watu waliofumaniwa.

Mihadhara kuhusu malezi nilishasikia mingi, na hakuna hata mmoja ulionitoa jasho kama lile rundo.

Ndipo akatusimulia habari za China, ambako kwa karne nyingi wasichana walifungwa miguu isikue, kwa kuwa mwenye miguu mikubwa angekosa mchumba. Baba aliyeona ukatili ule hakuthubutu kuacha peke yake, angemharibia bintiye. Mwishoni mwa karne ya 19 wazazi wakaanza kuungana katika vyama na kuahidiana mambo mawili: hatuwafungi binti zetu miguu, na wana wetu hatuwaozeshi wasichana waliofungwa. Ahadi ya pili ndiyo iliyoninasa. Ile ya kwanza inamkataza mtu, ya pili inamwondolea hofu.

Na sisi tukajadili, kwa kelele kwelikweli, maana wapo waliosema tunalea vichwa ngumu, na wawili wakatoka nje. Waliobaki wakasimama mmoja mmoja wakatamka mbele ya wenzao kwamba fimbo wanaiacha, na kwamba mzazi asiyechapa hatachekwa wala kusemwa. Kutamka kulikuwa kugumu kuliko kuandika. Sauti yangu ilikwama mara mbili. Mzee alisimama karibu wa mwisho.

Tulipotoka akanishika mkono.

"Kwenye kikaratasi uliandika nini?"

"Ndiyo."

"Umebadilika leo, au tangu zamani?"

"Tangu zamani, mzee. Hata siku ile mlipokuja kwangu."

Akasimama. "Sasa yule mtoto ulimpigia nini?"

Nikatazama chini. Nikamwambia, "Mzee, si ulikohoa?"

Alikaa kimya muda mrefu, mkono wangu bado ameushika.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa na mafua."