Siku moja maishani mwangu: kupanda mtama Mvumi na foleni ya mfumo

Mbukwenyi! Saa kumi na moja alfajiri nishaamka. Usiku imepiga mvua ya maana, udongo umelowa ukichimba kiganja kizima bado ni mbichi, sasa nani alale. Kwa msioijua Dodoma, huku tuna msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na mara nyingi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, halafu Januari Februari jua huwa linaingia katikati linakausha kila kitu, kwahiyo ukichelewa kupanda linaukuta mtama mdogo mizizi haijashuka, imekula kwako.

Saa kumi na mbili tuko shambani, mimi, mama watoto, vijana na ng'ombe wa kukodi. Juu kwenye kichanga tunaberega tu, yaani unakwangua majani unapanda bila kulima, chini kwenye udongo mzito ndo plau inapita. Mbegu ni Macia, aina ya mtama mweupe, kamba sentimita 75 mstari kwa mstari, 30 shimo kwa shimo.

Saa tatu nawaachia kamba, napanda pikipiki kufuata DAP, mbolea ya kupandia, ile ya ruzuku. Ruzuku ilianza msimu wa 2022/23 bei ya mbolea ilipopaa, jambo zuri sibishi. Ila lazima uwe umesajiliwa kijijini, una namba, muuzaji akuingize kwenye mfumo ndo ubebe. Nafika dukani mifuko naiona kwa macho, dada ananiambia "baba subiri kidogo, mfumo haufunguki." Kidogo gani, saa nne, saa tano, benchi limejaa. Mzee mmoja taarifa zake zimekosewa ekari, anaambiwa arudi kwa mtendaji, mtendaji yuko kwenye kikao, na shamba la mzee linakauka saa hiyo hiyo.

Hapo benchini ndo stori zote zinatoka. Jamaa anasema mwaka jana alisimamishwa getini na magunia matatu ya karanga anadaiwa ushuru, wakati bajeti ya 2017 ilishaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Alilipa. Angebishana mpaka saa ngapi na gari si lake?

Saa saba naondoka mikono mitupu. Ugali wa mtama na mlenda chini ya mbuyu, maneno machache, mama watoto ananiangalia tu.

Saa tisa mbegu inatuishia. Mzee jirani ana mtama wa asili mzuri sana, haushambuliwi na ndege kama huu mweupe, ila kuniuzia kama mbegu ni kesi, Sheria ya Mbegu ya 2003 inataka iwe imethibitishwa, na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, ndo wenye kazi hiyo. Naielewa, mbegu feki zimeshatia watu hasara kubwa huku. Lakini huyu mzee mtama wake tunauona kila mwaka unasimama mbele yetu! Basi hakuuza, kanipa debe, na mimi nitampelekea ng'ombe siku moja alime. Tukamalizia kipande cha chini jua linazama.

Saa mbili usiku naoga, mgongo hauna habari na mimi. Kesho narudi dukani ila DAP basi tena, mbegu ishafukiwa. Nafuata Urea ya kukuzia, mfumo ukikubali.